Nani Ameziharibu Sarafu za Kopo?

Mjadala wa sauti nne kutoka Makambako

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu inayotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia inakutana hapa na ile ya Njombe na Songea, na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ina stesheni yake hapa hapa. Mji wa namna hiyo hupitiwa na fedha za kila aina, na nyingine hubaki. Si ajabu, ukipekua darini kwa mzee fulani, kukuta kopo la maziwa ya unga lenye sarafu zisizonunua tena hata kiberiti: heller za Wajerumani, senti 10 zenye tundu za enzi za Mwingereza, thumuni za sungura za miaka ya Mwalimu Nyerere, hata ngwee za Zambia zilizokuja na watu wa reli.

Kesi yetu ni hii. Mama mmoja alirithi kopo kama hilo kutoka kwa baba yake. Kabla ya kuwagawia wajukuu, alizimwaga sarafu zote kwenye beseni, akakamulia ndimu, akatia chumvi na majivu, akazisugua kwa stiliwaya. Zikang'aa. Baada ya wiki chache zikaanza kubadilika rangi: nyingine wekundu wa ajabu, nyingine madoa meusi, nyingine unga wa kijani. Hoja iliyoletwa mezani ni kwamba aliyezisafisha sarafu za kale ameziharibu.

Wasemaji ni wanne: MAMA mwenyewe, MWALIMU, mstaafu wa somo la historia, FUNDI, sonara wa siku nyingi, na KIJANA anayenunua na kuuza sarafu kwa simu. Wasemaji ni wa kubuni. Sarafu na historia yake si vya kubuni.

Kuosha ni heshima

MAMA: Kamwene nyote. Nianze mimi, maana ndiye mshtakiwa. Kopo lile lilikaa darini juu ya moto tangu niko msichana. Baba alipofariki tulimwosha, tukamvalisha suti yake, na kaburi lake tunalifyeka kila mwaka. Fedha zake zilikuwa na masizi na ukungu wa kijani. Mlitaka niwape wajukuu uchafu? Sufuria likishika masizi nalisugua, na hakuna aliyewahi kuniambia nimeliharibu.

MWALIMU: Pole mama, hapa hakuna hakimu. Ila sufuria lina kazi ya kupika, na masizi yanaizuia kazi hiyo. Sarafu iliyotoka kwenye mzunguko hainunui tena. Kazi iliyobaki nayo ni kusomwa. Kwa hiyo tuulize: baada ya kusuguliwa, inasomeka zaidi au inasomeka pungufu?

MAMA: Inasomeka zaidi! Mwanzoni sikuona hata mwaka. Sasa mwaka naona, taji naona, na maandishi ya Kijerumani naona.

MWALIMU: Umeona vilivyo vikubwa. Chukua hii hapa, heller 20 ya mwaka 1916, yenye herufi T chini. Hiyo T ni Tabora. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza waliziba bahari na sarafu za Ujerumani zikaacha kufika. Wajerumani wakaanza kugonga zao katika karakana ya reli pale Tabora. Waligonga hizi za shaba, na waligonga rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo, dhahabu ikitoka mgodi wa Sekenke. Kazi ilikuwa ya haraka, wakijua adui yuko njiani, na kweli Wabelgiji waliingia Tabora mwezi Septemba mwaka huo huo. Kwa sababu ya haraka ile, mihuri yao haikufanana. Kuna taji kubwa na taji dogo. Kuna herufi L ambayo ncha yake imechongoka, na kuna L ambayo ncha yake imejikunja. Wajuzi wanatofautisha mihuri ya Tabora kwa vitu vidogo namna hiyo. Sasa itazame hii ya kwako. L yake ni ya aina gani?

MAMA: Naona L tu.

MWALIMU: Na mimi naona L tu. Ncha imekwenda na stiliwaya.

Kilichotokea ndani ya beseni

FUNDI: Mwalimu anasema kama mtu wa vitabu. Mimi niseme kama mtu wa moto na tindikali. Kosa la mama halikuwa moja. Alichukua madini ya namna tano akayatia kwenye dawa moja.

KIJANA: Fafanua, fundi.

FUNDI: Tuanze na senti 5 ya mwaka 1966, ile ya samaki. Hiyo ni bronzi, shaba nyekundu yenye bati. Ikikaa miaka hupata ngozi ya kahawia, na ngozi hiyo ndiyo inayoikinga. Ndimu inaiyeyusha, shaba inabaki uchi, inawaka wekundu siku mbili tatu, kisha inaanza kushika rangi upya, lakini mabaka mabaka, kwa sababu hewa haiigusi sawasawa kila mahali. Tena alama za vidole hubaki hapo kama muhuri.

Halafu senti 20, ya mbuni. Hiyo ni shaba ya njano yenye nikeli kidogo, na ndani ya shaba ya njano kuna zinki. Tindikali huila zinki kwanza na kuiacha shaba. Ndiyo maana mbuni wa mama amegeuka wa waridi. Wekundu ule si rangi iliyopakwa juu. Ni upungufu, zinki imetoka. Hata ufanye nini hairudi.

MAMA: Na mimi nilisema huyu ndege amependeza!

FUNDI: Thumuni ya sungura na shilingi 1 ya mwenge za mwaka 1966 ni shaba na nikeli. Hizo ndimu haikuzifanya kitu kikubwa, ila stiliwaya imezichora mistari, zishike kwenye mwanga uone. Shilingi 1 ya mwaka 1987 nayo ni chuma kilichovishwa nikeli. Chukua sumaku ya spika ya redio mbovu: ya mwaka 1966 haishiki, ya mwaka 1987 inashika. Ukikwangua nikeli ya juu, chuma cha ndani kinakutana na unyevu, na kutu inaanzia kwenye mkwaruzo.

MWALIMU: Na ile ya simba?

FUNDI: Shilingi ya simba ya awali, ya tangu mwaka 1921, ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, fedha yake ni robo tu. Kilichobaki sehemu kubwa ni shaba. Zilipotengenezwa, uso wa juu ulikuwa na fedha nyingi kuliko ndani, ndiyo maana zilionekana nyeupe. Ukisugua, uso ule unaisha palipoinuka kwanza. Tazama mgongo wa huyu simba, wekundu unachungulia.

KIJANA: Basi angetumia ndimu bila chumvi ingekuwa nafuu?

FUNDI: Nafuu kidogo, kwa sababu chumvi ndiyo mbaya kuliko zote. Inajificha kwenye vijitundu visivyoonekana, na haitoki kwa kusuuza mara moja. Halafu inangoja unyevu, na Makambako unyevu haukosekani, ukungu ukitanda asubuhi unaingia hadi kabatini. Chumvi, unyevu na shaba vikikutana, unatokea ule unga wa kijani kibichi unaotifuka ukiukwangua. Ukiufuta leo, mwezi ujao umerudi, na kila ukirudi umekula shaba kidogo. Ule wa zamani, wa kijani kigumu uliogandamana, haukuwa na shida. Ulikuwa umetulia.

KIJANA: Watu wanasifia dawa ya meno.

FUNDI: Dawa ya meno ina chembe za kusugulia. Jino ni gumu, linavumilia. Fedha ni laini.

MWALIMU: Na watu wasidhani ni ujinga wa kijijini. Wakati wa vita ile ile ya kwanza, Makumbusho ya Uingereza ilificha baadhi ya vitu vyake kwenye mahandaki ya treni ya chini ya ardhi London ili mabomu yasivifikie. Vita vilipokwisha vikatolewa, na vingine vilikuwa vimeshika kutu na kutoa chumvi. Ikabidi wamwite mkemia, Alexander Scott, na hapo ndipo maabara yao ilipoanzia, mwaka 1920. Walikuwa na wasomi, walikuwa na fedha, na unyevu ukawashinda.

MAMA: Ahsante Mwalimu. Angalau sipo peke yangu.

Bei inapangwa na nani?

KIJANA: Niseme la soko. Mwaka 1949 Mmarekani aitwaye William Sheldon alipanga kipimo cha hali ya sarafu, kuanzia 1 hadi 70. Kipimo hicho ndicho kinachotumika mpaka leo. Kuna makampuni, PCGS tangu mwaka 1986 na NGC tangu mwaka 1987, unawapelekea sarafu, wanaikagua, wanaifungia kwenye kasha la plastiki na kuandika namba yake. Sarafu iliyosuguliwa hawaipi namba kamili. Wanaandika tu kwamba imesafishwa. Mnunuzi akisoma neno hilo bei inaporomoka, hata kama taji linaonekana vizuri. Mama, kwa soko, beseni lako lilimwaga fedha.

MAMA: Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sasa kwenu imekuwa kinyume, chenye masizi ndicho kinachojiuza?

KIJANA: Ndivyo, mama. Mng'ao mnaoutaka nyumbani ndio unaowatia wanunuzi wasiwasi. Wanajiuliza, hapa kimefichwa nini?

MAMA: Hebu nikuulize, mwanangu. Hao wanunuzi wako wapi?

KIJANA: Wengi Ujerumani. Wengine Marekani, Uingereza.

MAMA: Kwa hiyo fedha ya Mjerumani ililetwa hapa kwa nguvu. Watu wa huku wakatozwa kodi ya kichwa na ya nyumba waitafute fedha hiyo kwa jasho. Leo mjukuu wa Mjerumani ndiye anaamua kama nimeitunza vizuri au vibaya? Kopo ni la baba yangu. Sikuwa na nia ya kuuza. Bei imeingiaje?

MWALIMU: Hapo mama amepiga msumari. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba, na mtu asiye na rupia alipelekwa kwenye kazi. Hiyo ni moja ya sababu za vita vya Maji Maji, ambavyo mwaka 1905 vilifika mpaka Njombe hapa, misheni ya Yakobi ikashambuliwa. Hatuwezi kuizungumza heller kwa lugha ya mnada peke yake.

KIJANA: Sikatai, Mwalimu. Lakini hata asiyeuza leo, mwanawe atauza kesho akiwa na shida ya ada. Bora auze kitu kizima. Tena bei ndiyo inayowafanya watu wasiyeyushe. Fundi, wangapi wamekuletea fedha za kale uzitie kwenye moto?

FUNDI: Wengi. Zamani rupia ilikuwa malighafi nzuri, fedha yake ilikuwa safi kuliko ya shilingi ya simba. Tuliyeyusha tukatengeneza bangili na hereni. Hakuna aliyeniuliza L iko namna gani.

Tundu la sonara

MWALIMU: Na nyingine uliziacha nzima, ukazitoboa tu.

FUNDI: Nilizitoboa, na sioni haya. Bibi harusi anataka mkufu wa rupia, nafanya nini? Pwani walifanya hivyo kwa reale za Maria Theresa, zile ambazo zote zimeandikwa mwaka 1780 hata kama zimegongwa miaka mia baadaye. Bara tulifanya kwa rupia. Sarafu iliyovaliwa shingoni ilipendwa kuliko iliyolala kwenye kopo.

KIJANA: Sokoni sarafu iliyotobolewa nayo haipewi namba.

MWALIMU: Soko liseme litakavyo. Mimi tundu la harusi silihesabu uharibifu. Ni historia. Linaeleza kwamba fedha ya mkoloni ilichukuliwa ikageuzwa pambo la mwanamke wa huku. Mwanafunzi wangu akiiona ataelewa jambo ambalo heller mpya kabisa haiwezi kumweleza.

MAMA: Ngoja, Mwalimu! Usikimbie. Tundu la fundi ni historia, na ndimu yangu ni uharibifu? Yeye mwanamume katumia keekee, mimi mwanamke nimetumia beseni, yeye anaandikwa kitabuni na mimi naandikwa kosa? Na mimi nimeacha alama. Miaka mia ijayo mtu aseme: hizi zilioshwa Makambako na binti wa mwenye mali, alipokuwa anawapa wajukuu.

FUNDI: Mwalimu, jibu hilo.

MWALIMU: Ni gumu. Nitajaribu. Tundu limeongeza kitu na kuacha vingine vyote mahali pake. Ukitazama rupia iliyotobolewa, bado unasoma mwaka, unasoma jina, unaona imechakaa kiasi gani kabla ya kutobolewa. Ndimu na stiliwaya hazikuongeza. Zimeondoa, na zimeondoa kila mahali kwa usawa, bila kuchagua. Sarafu iliyosuguliwa inafanana na nyingine yoyote iliyosuguliwa. Ile alama yako unayoisema, mama, haiwezi kusomwa na mtu asiyeambiwa.

MAMA: Basi aambiwe! Mtu aandike.

MWALIMU: Hapo tunakubaliana. Ila tumechelewa.

MAMA: Tumechelewa wapi? Mimi niko hai.

Uzi

FUNDI: Mama, nina swali dogo. Hizi senti 10 zenye tundu, hizi za kutoka kiwandani na tundu lake. Zilikuwa zimelala ovyo ndani ya kopo?

MAMA: Hapana. Zilitungwa kwenye uzi.

FUNDI: Uzi wa namna gani?

MAMA: Wa katani. Baba aliusokota mwenyewe pajani, alikuwa na mkono mwepesi. Zilikuwa nyuzi mbili, mmoja mfupi na mmoja mrefu. Ule mrefu ulikuwa na fundo katikati, limekaza kweli kweli, nilishindwa kulifungua.

MWALIMU: Senti ngapi upande huu wa fundo, na ngapi upande ule?

MAMA: Sikuhesabu. Nilikata kwa kisu, uzi nikautia jikoni ukaungua.

MWALIMU: Baba yako alikwenda manamba, sivyo?

MAMA: Kwenye mkonge, Tanga. Alikwenda mara mbili kabla sijazaliwa.

KIJANA: Mara mbili. Nyuzi mbili.

MWALIMU: Tusikimbilie kusema, kijana. Huenda ni hesabu ya vipande. Kwenye mkonge kazi ilihesabiwa kwa kipande cha siku 30, siku ikikamilika inakatwa kwenye kadi, na kadi ikijaa ndipo mshahara unatoka. Huenda fundo lilitenga fedha yake na fedha ya mtu mwingine, ndugu aliyefia huko. Huenda halikuwa na maana yoyote. Aliyejua ni yeye na uzi wake.

MAMA: Na shilingi za simba ziko nne hapa. Moja ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa peke yake. Ilikuwa ya mahari ya mama yangu, alirudishiwa na baba yake siku ya kuagwa. Nilikifungua kile kitambaa nikaitia beseni na wenzake. Sasa zote zinafanana. Siijui ni ipi. (Anazigeuza kiganjani, moja moja.) Walisema wahenga, mali bila daftari hupotea bila habari.

KIJANA: Samahani mama, lakini niseme kama mfanyabiashara. Uzi wa katani hauuziki. Senti 10 zile ziligongwa kwa mamilioni.

MWALIMU: Sikiliza kisa kimoja, kijana. Mwaka 1944 askari wa anga wa Australia, Maurice Isenberg, alikuwa kwenye kituo cha rada katika kisiwa cha Marchinbar, kaskazini mwa nchi yao. Akiwa ufukweni aliokota sarafu tisa. Hakujua ni za nani. Akaziweka. Mwaka 1979 ndipo alipozipeleka zitambuliwe. Nne zilikuwa za Waholanzi. Tano zilikuwa za shaba, zimegongwa na masultani wa Kilwa.

KIJANA: Kilwa hii yetu ya Lindi?

MWALIMU: Hii hii. Sarafu za Kilwa ni ndogo, nyepesi. Upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yanayofanya kina na jina lile. Hazina mwaka. Kwa bei hazishangazi. Kilichowafanya wataalamu wasafiri mpaka kisiwa kile ni kitu kingine: Isenberg alikuwa ametia alama ya X kwenye ramani, pale alipoziokota. Bila X ile zingekuwa shaba tano chakavu kwenye droo. Kwa ile X zimekuwa swali zito juu ya safari za Bahari ya Hindi, na swali hilo halijafungwa. Sasa niambie, X iliuzika?

KIJANA: Haikuuzika peke yake.

MWALIMU: Uzi wa katani wa mzee yule ulikuwa X yake. Ndiyo maana wachimbaji wa mambo ya kale hawaanzi na sarafu, wanaanza na mahali. Mtambwe Mkuu kule Pemba, mwaka 1984, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 zimefukiwa pamoja. Mtu angezifukua usiku na kuzigawa kwa wanunuzi mmoja mmoja, ulimwengu ungepata vipande 2,000 vya fedha na usingejua kwamba ni akiba iliyowekwa kwa wakati mmoja.

FUNDI: Na sheria inasemaje mtu akiokota?

MWALIMU: Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda kitu chochote kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Ukikipata ardhini unatoa taarifa. Kopo la mama halimo humo, ni la juzi tu. Hilo linalindwa na mwenye nyumba peke yake.

Sasa tufanyeje?

MAMA: Basi niambieni cha kufanya, msinihubirie tu. Zirudi kwenye ndimu?

FUNDI: Zisirudi kokote! Kwanza tutoe chumvi. Zilaze, ila si zile za chuma, kwenye maji yaliyoondolewa chumvi zote, yale yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za magari. Angalia chupa vizuri, kuna maji na kuna tindikali ya betri, mtu asikosee. Badilisha maji kila siku kwa wiki nzima na zaidi. Usisugue, tikisa tu. Kisha zikaushe kabisa kwa kitambaa cha pamba, kwa kugusisha. Baada ya hapo zishike kwa ukingo, usizishike kwa uso.

KIJANA: Zenye mafuta na gundi zinasafishwa kwa asetoni safi, mahali penye hewa na mbali na moto. Siyo ile ya kuondolea rangi ya kucha yenye manukato. Na zisiwekwe kwenye mifuko laini ya plastiki ya PVC. Ikizeeka inatoa kitu chachu kinachoacha utando wa kijani, unanata.

FUNDI: Wala zisifungwe kwa mpira wa kufungia noti. Mpira una salfa, na salfa ndiyo inayotia fedha weusi. Zile pakiti ndogo zinazokuja ndani ya maboksi ya viatu, za kufyonza unyevu, msizitupe. Kazi yake ni hii.

MWALIMU: Na kila moja iwe na bahasha yake ya karatasi nyeupe. Andika kwa penseli kabla sarafu haijaingia, ili usiikandamize ikiwa ndani. Usiandike thamani. Andika imetoka kwa nani, ilikaa wapi, ilikuja na nini. Kwa hizi za mama tuandike ukweli wote: ilikuwa kwenye uzi wa katani wenye fundo; ilioshwa kwa ndimu, chumvi na majivu, mwaka fulani.

FUNDI: Mwalimu, kwa mwendo huo mtahifadhi hadi kopo.

MWALIMU: Hadi kopo. Lina maandishi ya kiwanda, linaweza kutuambia lilinunuliwa miaka gani.

MAMA: Haya. Nimesikia, na nitaandika. Ila nami nina la mwisho. Mwalimu, umekaa mji huu miaka yote. Baba alikuwa anapita mbele ya shule yenu kila Jumapili akitoka kanisani. Ulijua alikwenda manamba. Ulijua mambo haya yote ya vipande, ya Tabora, ya X ya yule mzungu. Uliwahi kuingia kwangu ukamwuliza, mzee, una nini kwenye kopo?

MWALIMU: Sikuwahi.

MAMA: Na wewe fundi, ulimtobolea mama yangu hereni. Ulimwuliza fedha ile imetoka wapi?

FUNDI: Nilipima uzito, mama. Basi.

Neno la mwandishi

Hoja iliyoletwa mezani imepita, lakini kwa nusu. Kwamba ndimu, chumvi na stiliwaya huharibu sarafu, fundi amelieleza hatua kwa hatua na sioni wa kumpinga. Zinki iliyotoka hairudi, na ncha ya L iliyokwanguliwa hairudi. Mtu yeyote mwenye kopo asikie hilo kabla hajatafuta beseni.

Lakini tazama hesabu ya hasara ilivyo. Mbuni aliyegeuka rangi yuko kwa maelfu katika makopo mengine. Mwanafunzi wa kesho akitaka kumwona mbuni mzima atampata. Uzi wenye fundo ulikuwa mmoja, na shilingi ya mahari ilikuwa moja. Hivyo havikuharibiwa na ndimu. Viliharibika dakika ile sarafu zote zilipomwagwa pamoja bila mtu kuandika, na vingeharibika vile vile hata kama beseni lingekuwa kavu. Mkusanyaji hodari anayenunua kutoka vijiji kumi na kupanga albamu yake kwa mwaka na kwa madini, bila kuandika ametoa kwa nani, hajakwangua hata sarafu moja, na kafanya uharibifu wa namna ile ile, tena kwa mikono safi.

Kwa hiyo mpangilio wa wajibu ubadilike. Tumezoea kuwaambia watu wasisafishe. Ni ushauri mzuri, lakini unamfikia mwenye kopo kama karipio, na humfikia akiwa ameshasugua. Ushauri unaopaswa kutangulia ni wa kuuliza, na huo haumwangukii mama wa beseni peke yake. Mama hakuwa na namna ya kujua kwamba fundo kwenye uzi ni jambo la kuhesabu. Mwalimu alijua. Sonara aliyeshika fedha za nusu ya mji alikuwa na nafasi ya kuuliza kila siku. Kijana mwenye simu anaweza kupiga picha kopo kabla halijamwagwa, na kurekodi sauti ya mzee akieleza ipi ni ipi, kwa gharama isiyofika bei ya soda.

Anayeulizwa nani ameziharibu sarafu za kopo, basi, asimnyooshee kidole mwenye ndimu kabla hajawahesabu wote waliojua thamani ya kuuliza na wasiulize.